Nibu Niliyoinyoosha

Settimo Torinese, 14 Septemba 1991

Babu Evasio,

Kabla sijakusalimu acha niseme, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Mkono wa Babu Secondo haujaharibika. Kilichoharibika ni kalamu yake, na aliyeiharibu ni mimi. Sijamwambia mtu. Sijamwambia Baba, wala padri, wala Babu mwenyewe.

Sasa nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Noemi, binti wa Tullio, mjukuu wa ndugu yako Secondo. Hatujawahi kuonana. Unanijua kwa picha ya komunyo ambayo Babu alikutumia, ile niliyofumba macho. Baba hajambo, bado yuko kwenye treni za mizigo. Mama amemaliza kusindika nyanya, chupa mia na kumi, na nyumba nzima inanuka majani ya mrehani. Mimi nilimaliza shule mwezi wa Julai. Nimefaulu, ingawa si kwa sifa. Nimepata kazi kwenye duka la vifaa vya kuandikia karibu na kanisa, na anwani iliyo nyuma ya bahasha ni ya dukani. Tafadhali niandikie huko, usiandike nyumbani. Nyumbani anayemsomea Babu barua zako ni mimi, lakini anayezipokea kwa mtu wa posta ni Mama.

Najua unangoja barua ya Babu. Kila tarehe mosi kwa miaka arobaini na nne, na sasa hujapata ya Agosti wala ya Septemba. Hajafa. Ameacha kuandika.

Tangu Pasaka alikuwa ananifundisha kazi ya nibu, kuzinoa hizo ncha za kalamu za wino. Mtoto wa jicho ameziba macho yake yote mawili na hataki kusikia habari ya kisu cha daktari, kwa hiyo huandika kwa kuhisi, na mimi nikawa macho yake. Unajua ana kalamu za chuma sitini na mbili kwenye zile droo zenye kitambaa cha kijani, za fedha, za kupakwa dhahabu, zenye nakshi za kusuka. Hakuna hata moja inayotiwa wino. Anaifuta kila moja Jumapili kwa kitambaa kikavu na kuirudisha kitandani kwake. Ya kuandikia ni moja tu, ile ya fedha yenye majani ya mzabibu, uliyomchongea nibu yake wewe mwaka 1947 ulipokuwa unaondoka. Pale kinapokaa kidole chake majani yamefutika kabisa.

Mwishoni mwa Julai aliniambia, "Ioshe. Maji baridi tu, na usiguse ncha." Aliniambia, Babu Evasio. Siwezi kusema hakuniambia.

Niliiosha, kisha nikaitazama kwa lenzi. Ncha ilikuwa imelala upande. Upande wa kushoto ulikuwa bapa, kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea. Nikafikiri, maskini Babu, anaandikia kitu kibovu na haoni. Nilikuwa nimekwisha noa nibu kumi na moja za mazoezi, na tisa alizikubali. Basi nikachukua kinoo, na alasiri mbili, yeye akiwa amelala, nikaisugua mpaka ikawa mviringo, sawa pande zote. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikairudisha bila kusema neno. Nilitaka tarehe mosi akikaa kuandika ashtuke, aseme, "Nani kaigusa hii?" nami nijibu, "Mimi."

Tarehe mosi akakaa. Nilisimama nyuma yake na kahawa. Akaandika "Evasio" na kalamu ikakwaruza, ikaruka, ikaacha herufi ya kwanza bila tumbo. Akaanza tena. Akasogeza kiti, akageuza karatasi, akaanza mara ya tatu. Kisha akafunga kifuniko polepole.

"Umefika," akasema.

"Nini, Babu?"

"Ugonjwa wa Baba, ule wa kutetemeka mikono. Nilijua utakuja, sikujua utaanzia hapa."

Nami nikaweka kahawa mezani, nikatoka.

Nyinyi wawili mnajua kanuni ya karakana yenu ya kalamu kuliko mimi: kalamu ikikataa, laumu mkono kwanza. Amewaambia wateja hivyo maisha yake yote. Haikumpitia akilini kulaumu kalamu uliyomchongea wewe.

Niambie, inaweza kurudishwa ilivyokuwa?

Mjukuu wako,
Noemi


Rosario, 22 Oktoba 1991

Mjukuu wangu Noemi,

Barua yako imetembea siku thelathini na moja, kwa hiyo naona ilikuja kwa miguu. Nimefurahi kusikia mko wazima. Huku ndiyo kwanza miti inachipua. Delmira, mke wangu, anakusalimu. Goti limemweka kitini, basi anaitawala nyumba akiwa amekaa, na anaitawala vizuri kuliko alipokuwa anatembea. Mwambie Tullio namkumbuka alivyokuwa akila sabuni.

Usishangae kwamba hata wewe nakuandikia kwa taipureta. Ni uvivu tu. Babu yako hajanisamehe. Nilipomtumia barua ya kwanza ya mashine, mwaka juzi, alinijibu: "Evasio, nimepokea barua kutoka benki, ina jina lako." Tuyaache hayo.

Sasa wewe. Mpumbavu. Nilitaka kulifuta neno hilo, Delmira akasema liache, kwa hiyo liko. Lakini ni upumbavu wa ukoo wetu, hakuna mtu wa nje ambaye angeweza kuufanya. Nilipokuwa mwaka wa kwanza karakanani nilimnyooshea nibu wakili mmoja mzee. Akaja akilia kama mjane. Bosi alinirushia kigoda. Kisha akaniambia kitu ambacho Secondo alipaswa kukuambia kabla hajakupa kinoo: nibu ya kale haichakai hivi hivi, inakanyagwa na mkono mmoja mpaka inapata unyayo wa mwenyewe. Ulichokiona kama kasoro ndicho kiti ambacho mkono wake umekikalia miaka yote hiyo. Umeondoa kiti, mzee ameanguka, na anadhani ni miguu yake.

Kwa hiyo mwambie. Leo, ukimaliza kusoma hapa, ukifika nyumbani, kabla hujavua koti. Atafoka? Atafoka. Secondo hufoka dakika kumi, halafu anauliza jibini liko wapi. Ugonjwa wa baba yetu ni jambo jingine. Tulimlisha kwa kijiko miaka sita, mimi asubuhi, yeye jioni. Usimwache mtu akae na hofu hiyo hata siku moja zaidi kwa sababu ya haya zako.

Kuhusu kuirudisha: ndani ya bahasha nimeweka barua yake ya mwaka 1979. Tazama mistari inayoshuka, ona inavyonenepa upande mmoja. Ikiwa ile chembe ngumu iliyochomelewa kwenye ncha bado ina nyama, unaweza kuipa unyayo mdogo, upande wa kushoto, kwa kinoo laini kuliko vyote na tone la mafuta. Viboko vitano, kisha jaribu. Vitano, kisha jaribu. Lakini hilo ni la pili. La kwanza ni mdomo wako.

Nakukumbatia, mpumbavu.
Evasio


Settimo, 24 Novemba 1991

Babu Evasio mpendwa,

Natumaini goti la Bibi Delmira limepata nafuu. Huku ukungu umeshuka tangu sikukuu ya Watakatifu, hatujaiona milima. Mama alikuwa na mafua, sasa amepona. Dukani wamenipa ufunguo wa kabati ya kalamu za bei kubwa, maana wanasema mikono yangu ni makini. Nilikaribia kucheka.

Nilivua koti. Hilo ndilo nililokosea kwanza. Nilifika nyumbani na barua yako mfukoni, Babu yupo jikoni, akanigeukia akasema, "Wewe ni nani? Hatua zako zimekuwa nzito." Nikasema, "Ni mimi, Babu." Nikavua koti, nikalitundika, na muda huo wote ukatosha kunyamaza.

Nimejaribu na kinoo. Viboko vitano nikatazama, vitano nikatazama. Babu Evasio, hakuna nyama. Nilipoifanya mviringo nilikula karibu chembe yote. Sasa upande wa kushoto umefika kwenye dhahabu tupu, na dhahabu ni laini, inakwaruza karatasi na kuinama. Nimeimaliza. Chuma unaweza kukipunguza, huwezi kukirudishia. Nimeiweka mahali pake na yeye hajaigusa.

Alijaribu nyingine. Sikutegemea. Alifungua droo, akachagua moja ya fedha ya miaka ya thelathini, akavunja sheria yake mwenyewe akaitia wino. Lakini nibu zake zote nyingine ni mviringo, kama mpya, na mkono wake umezoea kulala upande. Nayo ikakwaruza. Akasema, "Mbili haziwezi kusema uongo." Nikamletea kalamu ya bairo kutoka dukani. Hiyo inataka kukandamizwa, naye hajakandamiza karatasi tangu vita viishe. Maandishi yakatoka kama njia ya kuku kwenye unga. Akanirudishia kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mgeni kofia.

Jumapili ya pili ya mwezi tulikwenda Turin kama kawaida, kwenye kile chumba cha nyuma cha mkahawa wanakokutana wakusanyaji. Bwana Brusasco, yule mnene anayeuza na kununua, alimwita tangu mlangoni.

"Secondo! Umekuja kununua au kunusa?"

Siku zote Babu humjibu, "Nimekuja kukuzika." Safari hii hakujibu. Bwana Brusasco akamsogezea kalamu ya dhahabu aliyokuwa ameinunua asubuhi.

"Haya mzee, ichezee zile nane zako nijue kama nimeibiwa."

Unajua humfanyia kila mtu. Anaandika tarakimu ya nane mara sita, zimelala, zimeshikana, na kabla ya ya saba anajua nibu ina tatizo gani. Ndivyo alivyojaribu kila kalamu iliyotoka karakanani kwenu. Babu aliacha mikono yake ndani ya mifuko ya koti.

"Mzani umevunjika," akasema. "Tafuteni mwingine."

"Acha mzaha, wewe. Nani mwingine? Mimi? Mimi naandika kama daktari."

"Basi waulize wale wote niliowaambia kosa ni la mikono yao. Waambie zamu yangu imefika."

Wakacheka, halafu wakaona hacheki. Bwana Brusasco akanitazama mimi. "Mtoto, ana nini huyu?" Nikasema sijui. Nilisema hivyo mbele ya watu saba, "Sijui," na Babu akaniwekea mkono begani ili nimwongoze kutoka.

Sasa anamwomba Baba amnyoe. Mikono yake haitetemeki, Babu Evasio. Naitazama kila siku. Anaweza kunyoa paka. Ila ameshaamua.

Naomba unisaidie. Wewe unaweza kumpigia simu? Au kuja? Na samahani kulirudia, ulisema tuyaache, lakini Babu ananiuliza mimi: kwa nini wewe siku hizi huandiki kwa mkono?

Noemi


Rosario, 4 Januari 1992

Noemi,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Sisi tulikula Krismasi chini ya mzabibu, joto la kuchemsha yai, mjukuu wa jirani akatapika kwenye viatu vyangu. Delmira anakusalimu.

Simpigii simu. Secondo hushika simu kama ameshika nyoka, anasema "ndiyo, ndiyo, ndiyo" na kukata. Na kuja sitaweza. Kuhusu taipureta nilisema tuyaache. Niulize hali ya hewa.

Nisikilize vizuri. Nina sababu yangu ya kujua jinsi mtu anavyolala na hofu ile. Haikai mkononi. Inaanza kukuambia usishike kikombe mbele ya wageni, kisha usishike kabisa, kisha inakuambia kukaa mezani kuna faida gani. Baba yetu hakufa kwa kutetemeka. Alikufa kwa kuona haya ya kutetemeka. Ndugu yangu sasa anaona haya ya kitu ambacho hana.

Nakupa mpaka mwisho wa Februari. Sikutishi. Mdomo ni wako na nakuachia wewe, kwa sababu ukimwambia wewe atajua kwamba ulikosea, na nikimwambia mimi atajua kwamba ulikosea na ukajificha. Lakini ikipita Februari nitaandika mwenyewe.

Sema sentensi moja: "Babu, nilinoa nibu yako." Maneno manne. Umesoma shule miaka kumi na mitatu.

Evasio


Settimo, 9 Februari 1992

Babu Evasio mpendwa,

Nakusalimu wewe na Bibi Delmira. Kulianguka theluji kidogo Jumanne, haikukaa. Baba amepewa nishani ya miaka ishirini na tano ya reli. Mama anashona pazia jipya la jikoni, la rangi ya njano.

Babu ameanza kugawa kalamu. Ishirini amempa Bwana Brusasco, aliyekuja nyumbani akiwa amevaa tai. Bwana Brusasco hakufanya utani hata mmoja. Alipofika mlangoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Sizichukui, nazitunza tu, mwambie." Sikumwambia.

Tangu mwezi uliopita Babu analishwa na Mama. Kijiko anaweza kukishika, lakini anasema hataki kukidondosha mbele yetu, na Mama anasema ni heri hivyo kuliko asile.

Nimejifunza yale maneno manne. Huyasema njiani kutoka dukani. Huyasema mlangoni.

Bado.

Noemi


Rosario, 5 Machi 1992

Ndugu yangu Secondo,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Delmira mzima, anagomba, ndiyo dalili ya uzima. Pitisha kidole gumba nyuma ya karatasi hii. Unahisi? Si mashine. Hii ni kalamu uliyonichongea wewe siku ileile niliyokuchongea yako, na mkono unaoishika ni wangu. Nimechukua siku nne kuandika ukurasa huu, na anayeusoma ataona kwamba mistari inapanda na kushuka kama mawimbi, na kwamba kuna mahali wino umemwagika.

Secondo, ugonjwa wa Baba ulikuja. Ulikuja kwangu, miaka miwili na nusu iliyopita, mkono wa kulia kwanza. Kwa hiyo taipureta. Sikukuambia kwa sababu nilikuonea haya. Nisamehe. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuwa najilinda mimi.

Kwako haukuja. Mkono wako ni mzima kama siku tuliyoachana. Nibu yako ilinyooshwa mwezi wa Julai. Noemi aliinoa ikawa mviringo, akidhani anakutengenezea zawadi. Ni mtoto, hakujua, na sisi ndio tuliomfundisha kuogopa kosa kuliko kitu kingine chochote. Mfokee dakika zako kumi. Kisha mwambie akuletee kalamu yoyote kutoka dukani kwao yenye nibu pana, iliyokatwa mshazari kushoto, na uniandikie.

Uniandikie, Secondo. Sasa mimi ndiye ninayehitaji mkono wa mtu.

Noemi, mtoto wangu, najua sauti inayosoma hapa ni yako. Delmira alitaka niitume hii kwa Tullio. Nimekataa. Usisimame. Soma kila neno, hata hili.

Ndugu yako,
Evasio


Settimo, 10 Mei 1992

Babu Evasio,

Telegramu ya Baba umekwisha ipata. Nakupa pole, wewe na Bibi Delmira. Tulimzika Babu Alhamisi ya tarehe thelathini Aprili. Watu walikuwa wengi, hata wazee wa karakana ambao sikujua bado wako hai. Bwana Brusasco alilia kwa sauti akasema samahani kwa kila mtu, mmoja mmoja.

Mama yuko salama. Baba anakwenda kazini. Nimeandika salamu zote ninazoziweza.

Barua yako kwa Babu ilifika tarehe nane Aprili. Mama aliiweka mezani, akasema, "Secondo, Argentina wamekukumbuka," akatoka kwenda sokoni. Tulibaki wawili. Niliifungua. Niliona mwandiko, nikajua mara moja, kabla sijasoma hata neno. Nikasoma.

Nilisoma salamu. Nilisoma habari za Bibi Delmira na kugomba kwake, na Babu akatabasamu. Kisha macho yangu yakaenda mbele kabla ya mdomo, nikaona jina langu.

Nikasoma mvua. Babu Evasio, hukuandika habari ya mvua. Nilimsomea mvua, na bei ya ngano, na kwamba jirani amejenga ukuta. Nilisema kwa sauti ya kusoma, ile isiyopanda wala kushuka, nikapeleka macho mstari kwa mstari ili kichwa changu kisogee kama cha mtu anayesoma. Nilifika mwisho, pale uliponiita. Sikusimama. Nikasoma jina lako.

Akauliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Babu."

"Hajauliza kwa nini siandiki?"

"Hajauliza."

Akapapasa meza. Kisha akanyoosha mkono, nikampa karatasi, sikuwa na namna ya kumnyima. Akapitisha kidole gumba nyuma yake, taratibu, kama anavyofanya fundi. Uso wake ukabadilika.

"Hii si mashine."

"Si mashine, Babu."

"Ameandika kwa mkono. Evasio ameandika kwa mkono!" Alikuwa anacheka, Babu Evasio. "Alikuwa ananichokoza tu, mbwa yule, na mashine yake ya benki. Na mkono wake? Uko imara?"

Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho na niliiona ni ya mwisho. Niliiona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Ningeweza kusema hapana, na hapana moja ingevuta yote yaliyobaki.

"Imara sana," nikasema.

Akakunja karatasi mara mbili, pembe kwa pembe, bila kukosea.

"Afadhali," akasema. "Basi ni mimi tu."

Baada ya siku ile hakutoka tena chumbani. Hakuugua kitu. Alilala ameelekea ukutani na mikono chini ya blanketi. Alimshukuru Mama kwa kila kijiko, kisha akaacha kufungua mdomo. Kifua kikajaa tarehe ishirini na tatu Aprili, daktari akasema kichomi, umri, majira. Tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi, akafa. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemwinamia nikiwa na yale maneno manne mdomoni, na nikayasema. Niliyasema yote manne, kwa sauti. Mama alikuwa dirishani, akageuka kuniuliza nasema nini. Babu alikuwa ameshakwenda, sijui kwa dakika moja au kumi.

Nilimwambia Mama nilikuwa nasali.

Barua yako ninayo. Baba aliitafuta ili amwekee Babu ndani ya jeneza, nikasema nimeipoteza. Hilo nalo ni uongo, hesabu na hilo. Najua sasa kwamba ulichukua siku nne, na kwamba ulikuwa unangoja jibu. Nilikunyang'anya ndugu yako na nikamnyang'anya yeye wewe, na wote wawili mlikuwa mkinitetea. Siombi unisamehe. Nikikuomba hivyo itakuwa kama nakupa kazi nyingine, nawe mikono yako imechoka.

Naomba jambo lingine. Baba amesema akipata likizo yake mwishoni mwa Juni atakupigia simu. Atakuuliza kama Babu aliwahi kukuandikia kwamba ana huzuni, kama tulikosea mahali, kama kulikuwa na kitu cha kufanya. Anauliza watu wote. Anawaambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa macho ya Babu mpaka mwisho, na watu wananishika mikono, nami nawaacha waishike.

Usimwambie. Daktari amesema kichomi, mwache aamini kichomi. Usimwambie yeye wala Mama wala Bwana Brusasco akikuandikia. Bibi Delmira anajua ya nibu, ya barua asijue. Najua ni zito kwa mtu niliyemtendea hivi. Lakini nimejaribu kufikiri na naona hivi: kama asingekuwepo hata mmoja anayejua, nisingeweza kuishi, na wakijua wawili sitaweza. Basi ujue wewe peke yako, Babu Evasio, na usimwambie mtu.

Noemi